Kompyuta ya Waino Kangas

Jumamosi za klabu ya Linux, maktaba ya Salo Harbor hunuka kahawa na soksi mbichi, kwa sababu kila aingiaye huvua buti mlangoni na kuiacha theluji iyeyuke kwenye mkeka. Mpelelezi Corinne Trudell alivua zake, akatembea na soksi hadi meza ya mwisho, akaweka juu yake mfuko wa plastiki wenye muhuri wa ofisi ya sherifu. Ndani ya mfuko mlikuwa na kompyuta mpakato ya Waino Kangas, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha karatasi, aliyekutwa amekufa kwa moshi ndani ya pikapu yake, injini ikinguruma, katika banda la gari lililofungwa.

Faili lilikuwa karibu kufungwa. Daktari wa wilaya alishaandika kwa penseli kwamba mzee alijiua, na alichosubiri ili aandike kwa kalamu ni Corinne kusema hana swali. Corinne hakuwa na swali. Mwenye swali alikuwa mjane, Elma, aliyefika ofisini juzi na koti lake la kanisani, akakaa, akakataa kahawa, akasema, "Mwanangu, mimi sitaki mengi. Nataka tu kujua kama alitaka kuniacha."

Hakulia. Corinne naye hakuhisi kitu. Kazi hii ilikuwa imemwotesha sugu moyoni, na sugu haiumi hata ukiichoma sindano. Lakini alimwambia mama wa watu kwamba ataangalia, na mtu akishasema ataangalia hana budi kuangalia.

"Karibu, afande," alisema Orrin Tuttle, mwenyekiti wa klabu, mtu mnene mwenye ndevu zilizofika kifungo cha pili cha shati. "Leo unamkamata nani?"

"Leo nimekuja kujifunza."

"Afadhali ungekuja kukamata. Kujifunza kutakuchukua muda mrefu zaidi." Akavuta kiti. "Ni ya nani?"

"Ya Waino Kangas."

Orrin aliacha kutabasamu. Salo Harbor ni mji mdogo, na msiba wa mmoja huingia kila jiko. "Mzee alisema angekuja kwetu tumwekee Linux, huu mfumo wetu wa bure wa kuendeshea kompyuta," alisema. "Kompyuta yake ilikuwa imeshazeeka, ule mfumo wa zamani umeacha kutunzwa. Baadaye akaniambia tusihangaike, atasaidiwa nyumbani."

"Na nani?"

"Sikuuliza. Tuiguse, au ni dhambi?"

"Maabara wameshanakili diski. Tuiguse."

Watu wa maabara walikuwa wamerudisha majibu mawili. Hakuna barua ya kuaga. Na diski ilifutwa yote siku ileile aliyokufa: picha, hati, barua pepe, vyote havipo. Naibu sherifu Beaudry alilipenda sana jibu la pili. Mtu anayefuta maisha yake yote asubuhi, alisema, mchana anakuwa anakwenda wapi? Ofisi nzima iliitikia kwa kichwa, na Corinne pia aliitikia.

Orrin alichomeka chaja ya klabu, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, mistari myeupe ikashuka, kisha ikasimama pale chini na kijistari kikipepesa.

"Imekufa," Corinne alisema.

"Umesoma, au umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Wageni wote mko hivyo. Mnaona maandishi meupe gizani mnadhani ni laana. Hiyo mashine inakuambia inapoumwa, dada. Mgonjwa gani mwingine anakufanyia hisani hiyo? Soma."

Corinne alisoma, polepole, kama anayesoma maelezo ya shahidi. Mashine ilisema kwamba diski haikufungwa vizuri mara ya mwisho, kwamba haitaendelea hadi ikaguliwe kwa mkono, na hata amri ya kuikagulia ilikuwa imeiandika. Aliinakili herufi kwa herufi, akabonyeza. Mashine ikauliza irekebishe? Akajibu ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo. Ikauliza mara nyingi kiasi kwamba Orrin alipata nafasi ya kwenda kujaza kikombe chake. Aliporudi, kioo kilikuwa na rangi na picha ya ziwa.

"Umetengeneza," alisema. "Sasa ni mmoja wetu. Kiingilio ni kuleta vitafunio."

"Haikufungwa vizuri, maana yake nini?"

"Ilikatika umeme ikiwa kazini, katikati ya kuandika kitu kwenye diski."

"Ina betri."

Orrin hakubishana. Alichomoa tu chaja, na kioo kikazimika papo hapo. "Hiyo betri ni pambo," alisema, akiichomeka tena. "Hii kompyuta haiwaki bila waya wa umeme. Chaja yake iko wapi?"

Corinne alifungua mfuko, akautikisa, akaangalia orodha iliyobandikwa juu yake. Ilikuwa na kompyuta moja, iliyochukuliwa juu ya meza ya jikoni, na fleshi moja iliyokutwa imechomekwa ubavuni. Chaja haikuwamo.

Mashine ilipowaka tena alirudi kwenye lile la Beaudry. "Alifuta kila kitu siku aliyokufa. Picha za wajukuu zote."

"Nani kakwambia alifuta?"

"Diski."

Orrin alicheka kidogo, bila furaha. "Sikiliza. Ukiweka Linux mara ya kwanza, unafika mahali unaulizwa: nifute diski yote, au nijiweke kando ya mfumo wa zamani? Kando ni kugawa diski, na kugawa diski kunatisha. Kwa hiyo mgeni anabonyeza futa, akidhani kinafutwa kile cha zamani tu asichokitaka. Nusu ya watu humu ndani wamepoteza picha za harusi kwa kitufe hicho."

"Mimi za harusi mbili," alisema mama mmoja meza ya jirani, bila kuinua kichwa. "Ile ya kwanza sikuijutia."

Kwa hiyo mzee hakufuta maisha yake. Alikuwa anaweka mfumo mpya, akabonyeza wanachobonyeza wageni. Corinne aliutoa ushahidi bora wa Beaudry kichwani mwake, akaona hakubakiwa na mwingine. Akaichukua ile fleshi. Ndiyo iliyobeba mfumo wa kuwekwa, Orrin alisema, lakini si ya klabu. Za klabu ni kijani. Hii ilikuwa nyeusi, na mgongoni ilikuwa na kibandiko cha mali ya shule za wilaya.

"Dale Kangas anatunza kompyuta za shule," Corinne alisema.

"Mwanawe. Ndiyo."

Dale ndiye aliyemkuta baba yake. Katika maelezo yake alisema hajui chochote kuhusu ile kompyuta. Alisema pia kwamba asubuhi ile walizungumza kwa simu, na walizungumza habari za kuondoa theluji juu ya paa, basi.

Orrin alikuwa anatafuta mtandao. Pale panapokaa alama ya Wi-Fi hapakuwa na kitu. Alifungua dirisha jeusi, akaandika amri moja fupi, ikashuka orodha ya vifaa vyote vya mashine.

"Unaiona hii? Kadi ya Wi-Fi ipo. Mashine inaijua kwa jina. Lakini kerneli, yaani kiini cha mfumo, kile kinachozungumza na vyuma, hakina kiendeshi chake. Kadi ipo, wa kuiendesha hayupo. Ni kama gari zima bila dereva."

"Dawa?"

"Kiendeshi kipo mtandaoni. Unakipakua, unakiweka, unawasha upya."

"Nitakipakuaje, na mtandao ndio sina?"

"Hapo ndipo wageni wanapolia," Orrin alisema. "Unaweza kutumia simu, kama simu yako inaweza kugawa mtandao."

"Mzee alikuwa na ya kukunja, ya zamani."

"Basi limebaki moja, na mgeni yeyote akinipigia namwambia hilohilo: chomeka waya. Toka kwenye ruta, kile kisanduku cha mtandao, ingiza ubavuni mwa kompyuta. Waya hauhitaji kiendeshi cha Wi-Fi."

"Huwa unawauliza waya uko wapi?"

Orrin alimtazama. "Kwa nini niulize?"

Alichomeka waya wa maktaba, akaandika amri ya kupakua. Mashine ikajibu upesi mno. Akainama, akasoma mara mbili, kisha akamsogezea Corinne kioo asome mwenyewe. Kiendeshi kilikuwa kimekwisha kupakuliwa zamani. Kilikuwa kimefika na kuanza kuwekwa, kazi ikakatika katikati.

Corinne aliisoma tena ile mistari. Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya mwili, jambo moja kwa wakati mmoja. Kompyuta haioni Wi-Fi, na bado ilileta kitu kutoka mtandaoni. Basi ilikuwa kwenye waya. Haiwaki bila chaja, basi ilikuwa kwenye chaja. Na mtu aliikata umeme kazi haijaisha.

Alimpigia Beaudry.

"Katika vitu vya marehemu kuna chaja ya kompyuta?"

Karatasi zilichakarishwa. "Chaja, chaja... ipo. Ilikuwa kwenye pikapu, imechomekwa kwenye inveta. Ile ya kutoa umeme wa nyumbani kwenye gari. Tuliandika ya simu."

"Simu yake ya kukunja inachajiwa na waya mwembamba kama tambi, Beaudry."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungesoma. Wewe uliangalia tu," alisema Corinne, akakata. Orrin alijifanya hasikii.

Nyumba ya kina Kangas iko mwisho wa barabara ya kiwanda, mgongo kwa Ziwa Superior, na upepo wa huko hauna adabu. Dale alikuwa juu ya ngazi akiburuta theluji kutoka kwenye paa la banda kwa reki ndefu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, uso umesawijika. Tangu mazishi alikuwa analala kwa mama yake. Elma alionekana dirishani jikoni, unga hadi kwenye viwiko, anakunja mikate ya nyama na viazi ya mnada wa kanisa. Aliinua mkono mmoja kumsalimu Corinne, akaendelea.

"Nionyeshe banda, Dale."

"Si mlishaliona?"

"Tuliliangalia."

Waliingia kwa mlango mdogo wa ubavuni. Pikapu ilikuwa bado ipo. Ukutani kwa nyuma, pale laini ya mtandao inapoingilia kutoka nguzoni, ruta ilikuwa inapepesa taa zake za kijani. Chini yake palikuwa na soketi moja tu, na ruta ilikuwa imeikalia.

"Kwa nini ruta iko huku?"

"Mtu wa kampuni aliiweka pale waya ulipoingilia. Aliona uvivu kuufikisha ndani, nadhani. Wi-Fi inafika jikoni, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua."

Waya wa mtandao, wa bluu, ulikuwa umeviringishwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari. Corinne aliutoa, akachomeka ncha moja kwenye ruta, akatembea na nyingine. Mlango mdogo haukuufikia. Dirisha la pikapu, upande wa dereva, ulilifikia na kubaki kidogo. Dale alimtazama akifanya hivyo, mikono mifukoni.

"Siku ile ilikuwa baridi kiasi gani?"

"Ya kuvunja misumari."

"Mzee wa miaka sabini na nne asingekaa juu ya ndoo humu kusubiri kompyuta ipakue. Angekaa ndani ya gari, awashe hita. Na gari lingempa umeme."

Dale aligeukia pikapu.

Corinne alienda kwenye lango kubwa, lile la kupanda juu. Pembeni palikuwa na gogo la kuni, nusu yake bado ina barafu. Aliligeuza kwa ncha ya buti. Juu yake palikuwa na alama iliyonyooka, nyeusi, ya mpira, na mpira wa aina ile ulikuwa sehemu moja tu humo ndani: ukingo wa chini wa lango.

"Alitegesha lango," alisema. "Baba yako alikuwa fundi umeme, anajua moshi wa gari ni nini. Alilipandisha, akaweka gogo, akaacha nafasi ya hewa. Halafu?"

Upepo uligonga bati. Dale alitazama juu, kwenye paa alilokuwa akiliondolea theluji kila siku tangu msiba, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Theluji ilishuka," alisema. "Ya paa zima, kwa mpigo. Likishapata joto la gari kwa chini, bati huwa linaachia. Ilijaa mbele ya lango hadi kiunoni. Ile nafasi ikazibwa kama kwa simenti. Nilipofika, nje lilionekana limefungwa kabisa."

"Wewe uliingia kwa mlango mdogo."

"Ndiyo."

"Ukazima injini."

"Nikazima. Nikamtoa. Nikambonyeza kifua hadi mikono ikakataa. Alikuwa ameshakwenda." Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dukani. "Nikapiga simu. Wakati nasubiri, nikaiona. Ilikuwa kwenye kiti cha pili, bado inaandika mistari yake. Inahesabu asilimia."

"Ukaichomoa."

"Nikaichomoa, nikaipeleka jikoni. Waya nikautundika. Gogo nikalitoa lisije likaulizwa, lango likashuka. Chaja niliisahau."

"Kwa nini, Dale?"

"Unajua kwa nini."

"Njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima aitembee mwenyewe. Sema."

Alikaa juu ya tairi la akiba. "Mimi ndiye niliyempa fleshi. Nilimwambia ni rahisi, hata mtoto anaweza. Asubuhi ile akanipigia, Wi-Fi haipo. Nilikuwa kazini, kompyuta za shule zimelala zote, mwalimu mkuu amesimama nyuma yangu. Nilijua ni nini kabla hajamaliza sentensi. Nikamwambia, chomeka waya, baba, chomeka waya tu. Akasema, waya uko bandani. Nikasema, basi nenda bandani." Akaitazama ruta. "Nilisema vile ninavyowaambia watu wote. Nikakata simu."

Corinne alisubiri ahisi kitu. Hakikuja. Aliona tu kwamba mtu yule alikuwa anasema kweli, na kwamba kweli haikumpunguzia mzigo.

"Wewe hukusema kwamba alijiua."

"Nilidhani mtaandika ajali, mambo yaishe, hakuna atakayeuliza alikuwa anafanya nini mle. Halafu naibu wako akaja na habari za diski kufutwa, akasema kajiua. Kila mtu akaitikia. Nikaona... nikaona hiyo nayo inanifunika."

"Ilikufunika wewe. Mama yako je?"

Dale alikwangua barafu kwenye buti lake.

"Alikuja ofisini, Dale. Unajua aliniuliza nini?"

"Najua. Ananiuliza mimi kila usiku."

"Na unamjibu nini?"

"Namwambia alale."

Corinne alirudisha waya kwenye msumari, kisha akakumbuka kwamba sasa ni ushahidi, akautoa tena na kuutia mfukoni. "Nitaandika ajali," alisema. "Nitaandika pia kwamba uligusa vitu kabla yetu na ukasema uongo, na mwendesha mashtaka ataamua lake. Hayo ni yangu. La mama yako ni lako. Ukishindwa nitamwambia mimi, lakini mimi nitalisema vibaya."

Dale aliinuka. Waliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, buti mkononi. Palikuwa na joto na harufu ya vitunguu, na mikate imepangwa mezani, kila mmoja umekunjwa ukingo wake kama kamba. Elma hakugeuka.

"Mpelelezi, utakula?"

"Mama," Dale alisema. "Kaa kidogo."

"Nikikaa unga utakauka. Sema nikiwa nimesimama."

Akamwambia. Hakuremba wala hakuzunguka. Alimwambia Wi-Fi, simu, waya, gogo, theluji ya paa, kompyuta aliyoibeba hadi kwenye meza hii hii. Mikono ya Elma iliendelea kukunja ukingo wa mkate, kisha ikapunguza mwendo, kisha ikasimama.

"Alitegesha lango," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo alikuwa anarudi ndani."

"Alikuwa anarudi ndani. Ilikuwa imebaki kidogo tu imalize."

Elma alipangusa unga wa mkono mmoja kwa mkono mwingine, taratibu. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, na Corinne aliona uso wa mtu ambaye ameambiwa mumewe hakumkimbia, na hana la kufanya na habari hiyo.

"Nguo zake nilizitupa," alisema. "Nilikataa jiwe lake liwe na nafasi ya jina langu. Nilimwambia mchungaji sitaki kulala karibu naye. Wewe ndiye uliyenipeleka kwa gari kusema maneno hayo, Dale. Ulikaa pale kitini."

"Nilikaa."

"Ulikuwa unaniona nikimchukia."

"Nilikuwa nakuona, mama."

Elma alirudi kwenye meza, akachukua mkate aliouacha, akajaribu kuendelea na ukunjaji. Ukingo haukushika, unga ulikuwa umekauka.